Sauti ya Jambazi Mkuu

Mdomo alikuwa jirani yetu, na kazi yake ilikuwa kutia maneno filamu za kigeni katika kibanda chake cha video. Lugha za watu hajui hata moja, lakini weee, mdomo aliokuwa nao! Akiona farasi na bastola anajitungia tu, watu wanacheka mpaka machozi.

Zamani walikuwa wawili. Mwenzake aliitwa Besi, kwa sauti yake nzito. Filamu nyingine zote walizisema papo hapo mbele ya watu. Moja tu ndiyo waliyoirekodi, ya Kitaliano, ya majambazi wa jangwani, ambayo hakuna aliyewahi kuisikia. Besi ndiye aliyekuwa jambazi mkuu. Alipolazwa, mkewe akiwa mjamzito, alimshika Mdomo mkono.

"Ile usiifute, ndugu yangu. Mwanangu aje anisikie."

Mdomo akaapa. Besi alipozikwa, akaifuta. Akarekodi upya, sauti zote zake, ili watu waache kusema kwamba bila Besi yeye si kitu. Mjane akaambiwa imeharibika. Ulikuwa wivu, basi, na alijua hivyo, na chakula kikamshinda siku mbili.

Miaka sita baadaye akairudisha, onyesho la saa nane mchana. Mlangoni akaweka daftari la maoni, kama kawaida yake. Jioni akasoma.

"Picha ya kizamani, vumbi tupu, ila jambazi mkuu ana sauti ya kunguruma!"

"Hadithi haina kichwa wala miguu. Kicheko cha jambazi mkuu ndicho kilichonikalisha."

Akalifunga daftari. Akaiwasha peke yake, mwanzo hadi mwisho. Alisikia sauti yake mwenyewe tu.

Kesho yake wakaandika: "Wale wawili wanapokezana vizuri." Keshokutwa: "Yule wa sauti nyembamba mbona amepungua?" Siku ya nne: "Nyembamba hasikiki kabisa. Majambazi wengine midomo inacheza bure."

Mwenye sauti nyembamba ni yeye.

Siku ya tano mjane akaja, kamshika binti yake mkono. Habari alizipata mtaani. Mdomo alitaka kuwazuia, akashindwa. Wakakaa mbele. Yeye akasimama nyuma, karibu na pazia la mlango.

Jambazi mkuu akafungua kinywa. Mtoto akashtuka, kisha akatabasamu.

"Mama," akanong'ona, "ananiita mimi."

Mjane akalia kimyakimya. Mdomo hakusikia kitu. Hata sauti yake mwenyewe haikuwamo tena. Spika zilikuwa kimya. Na watu wote walikuwa wanacheka.

Onyesho lilipokwisha, mjane akamfuata.

"Shemeji, kumbe uliitunza! Mungu akuzidishie."

Hapo Mdomo akavunjika. Akamwambia yote. Kiapo, wivu, kufuta, uongo. Alisema huku analia, bila kujificha.

Mjane akamtazama kwa wasiwasi.

"Sema basi, shemeji. Mbona unachezesha midomo tu?"

Mpaka leo hasemi. Angeweza kumwandikia mjane ukweli, kama alivyoniandikia mimi, kalamu anayo, lakini ule ujasiri wa siku ile haujamrudia. Na daftari analo, amelificha chini ya godoro. Ukurasa wa mwisho una herufi kubwa, zilizopinda, za mtoto anayejifunza kuandika:

BABA ANASEMA ALIKUONA.