Kisanduku Cheupe cha Waithaka

"Pasi iko moto."

Maneno matatu tu kwenye redio ya Motorola, yaani mlengwa amefika.

Millicent Obuya alikuwa amelala kifudifudi nyuma ya tangi la maji huko Waithaka, darubini machoni. Saa tatu na dakika arobaini asubuhi. Aliyesema ni Were, mkubwa wake wa upelelezi, ambaye hakupenda kujibiwa.

Mita themanini mbele yake, ndani ya ua wa waya, kulikuwa na kisanduku cheupe chenye mbavu za mbao, kimesimama juu ya miguu minne. Humo ndani mlikaa themometa iliyopima joto la mahali hapo kila dakika. Na mbele ya kisanduku alisimama Kitavi, fundi wa zamani wa vifaa hivyo, aliyefukuzwa kazi kwa kuiba betri.

Millicent alimtazama kama mtu anavyotazama nzi kwenye chai.

Wiki mbili zilizopita, kreti la "vikaushio vya nywele" lilipenyezwa uwanja wa ndege. Ndani hamkuwa na kikaushio hata kimoja. Mlikuwa na vipasha joto, kila kimoja kidogo kama kiberiti. Mwenye mzigo alikuwa mgeni aliyejiita Garrick Thole, suti ya Armani, kadi tano za majina matano. Jumanne watu wake, Kitavi akiwemo, walivificha vipasha hivyo katika visanduku sita magharibi mwa Nairobi. Leo saa tano, katika hoteli moja katikati ya jiji, angewaita waandishi wa habari, awashe skrini, na watu wake wa mashinani "wagundue" vipasha mbele ya kamera. Kenya nzima ingeambiwa kwamba dunia haipati joto. Eti ni wanasayansi wanaochemsha themometa zao wenyewe.

Na saa nane mchana kamati ya bunge ilikuwa iamue kuhusu mtambo wa tahadhari ya mafuriko, kwa kutumia takwimu hizo hizo.

Millicent alizaliwa Nyando. Alijua maji yanavyoingia kwenye nyumba ya watu waliolala.

Redio ilikoroma. Safari hii ilikuwa sauti ya Daktari Riddhi, mwanafizikia wa anga aliyetunza takwimu hizo katika ofisi moja Dagoretti Corner.

"Milly, mtandao wa kisanduku ulikatwa Jumanne asubuhi. Sina kitu tangu hapo. Lakini kadi ya kumbukumbu ya ndani bado inanasa vipimo."

"Kitavi anaichomoa sasa hivi, Daktari."

"Usimwache aende nayo!"

Millicent alikuwa amekwisha kuruka.

Kitavi aligeuka, akaona mwanamke mrefu mwenye bastola ya Glock anamjia mbio, akajitupa ndani ya gari lake la Probox. Magurudumu yalitifua vumbi. Millicent aliipiga teke pikipiki yake ya Yamaha, iliyofichwa kando ya ua, ikanguruma.

Barabara ya Naivasha. Kilomita tisini kwa saa kati ya mikokoteni na malori ya mchanga. Probox ilipanda ukingo, ikashuka, ikakwaruza nguzo. Mtu mwenye akili angeingia vichochoro. Kitavi alielekea Dagoretti Corner, penye msongamano kila siku ya Mungu.

Alikwama baada ya dakika nne. Alijaribu kupita kando, akavamia vitanda na makabati ya mafundi wa Ngong Road. Fundi mmoja alishika kichwa. "We buda! Hilo kabati lina mwenyewe!"

Millicent alifungua mlango wa gari.

"Kadi."

"Madam, si tuongee tu poa..."

"Kadi, Kitavi."

Kitavi aliitia mdomoni.

Millicent hakupiga risasi. Risasi ni mali ya serikali. Alimbana pua na kungoja. Sekunde kumi na moja. Kadi ilitoka pamoja na mate.

Akamfunga kwenye usukani kwa kamba za plastiki. Kitavi alikuwa analia, lakini bado alikuwa na hoja.

"Lakini si ni ukweli? Hii Julai si tulitetemeka wote? Joto gani hilo?"

"Leo umekula?"

"Nimekula chapati."

"Basi njaa imekwisha duniani."

Kitavi alijaribu kulifikiria hilo. Ilionekana kumchosha.

Were aliingia hewani. "Watu wangu wako hotelini. Nimnyakue Thole?"

"Hapana, mkubwa. Ukimkamata kabla hajasema, kesho ni shujaa. Mwache aseme yote."

"Haya. Una dakika sabini."

Saa tano na dakika kumi, ghorofa ya tisa. Mlangoni, mlinzi mwenye shingo nene alinyoosha mkono kumzuia. Millicent aliukunja upande ambao mikono haikunjiki. Akapita.

Ukumbini kamera zilikuwa zimejaa. Skrini ilionyesha kisanduku cha Muthangari, kimoja kati ya vile sita, mlango wazi, kipasha joto kikiwa kimening'inia. Thole alikuwa jukwaani. Kiswahili chake kilikuwa kizuri. Ndicho kitu pekee alichowahi kukisomea.

Riddhi alikuwa amealikwa na kukalishwa mbele ili aaibishwe.

"Daktari hana la kusema!" Thole alicheka. "Tabianchi imebadilika tangu zamani, kabla ya magari!"

"Na watu walikufa kabla ya bunduki," Riddhi alisema bila kusimama. "Hakimu hamwachilii muuaji kwa sababu hiyo."

Mtu alicheka nyuma. Thole aliacha kutabasamu.

"Ni jua!"

"Jua lingezidi, hewa ya juu na ya chini zote zingepata joto. Tunapima zote mbili. Ya chini inapata joto, ya juu kabisa inapoa. Maana yake joto linazuiwa huku chini, kama mtu aliyejifunika blanketi. Blanketi hilo ni gesi ya makaa na mafuta tunayochoma."

"Gesi yenyewe ni chembe mia nne na kitu katika milioni! Kidogo vile kitafanya nini?"

"Pombe kwenye damu ya dereva mlevi pia ni kidogo vile. Kamweleze hivyo afande wa alkoblo anayepima pumzi barabarani."

Sasa ukumbi wote ulicheka. Nyawira, mwandishi wa gazeti, aliinua mkono. "Lakini Daktari, wengine wanasema ni lami na mabati ya mji tu."

"Swali zuri. Ndiyo maana tunapima pia mbali na miji, na baharini. Bahari haina lami. Nayo inapata joto."

"Na kipasha joto hiki je?" Thole alifoka, akionyesha skrini.

"Hicho nitakijibu mimi," Millicent alisema.

Alimpa Riddhi kadi. Riddhi aliichomeka kwenye kompyuta ya Thole mwenyewe. Mstari ukatokea: joto la Waithaka mwaka baada ya mwaka, likipanda taratibu. Kisha Jumanne, saa nne na dakika kumi na nne, mstari uliruka digrii tatu kwa mpigo, kama mtu aliyekalia sindano.

Millicent aliinua Samsung yake. Picha aliyopiga Were Jumanne hiyo: gari la Prado la Thole kando ya ua wa Waithaka. Saa nne na dakika kumi na mbili.

"Hukuiamini themometa," alimwambia Thole. "Ndiyo maana ukasahau kwamba inapima. Imekupima wewe."

Thole alitia mkono kotini. Beretta ndogo.

Millicent alimchapa kifundo cha mkono kwa stendi ya maikrofoni. Bastola ikaruka. Pigo la pili halikuwa la lazima. Alilitoa hata hivyo.

Pingu zikalia.

"Mkinifunga, wengine watasema haya haya," Thole aliguna kutoka sakafuni.

"Najua. Wajinga hamwishi."

Saa nane na nusu Millicent alikuwa kibandani kwa Ivyne, muuza samaki, karibu na Kawangware, ngege ya kukaanga mbele yake, ugali umefunikwa. Simu ilitetemeka. Were.

"Mtambo umepita. Kura kumi na mbili kwa mbili."

Millicent alimaliza kichwa cha samaki bila haraka. Akanawa mikono. Kisha akaandika:

"Nitumie majina ya hao wawili waliopinga, mkubwa."

Akavaa helmeti, akawasha Yamaha, akashika barabara.