Video Tatu za Tangawizi

Ukungu wa kijiji cha Suji, huko milimani, ulikuwa umeshuka mpaka kwenye paa. Yudith aliketi mlangoni, simu mkononi, akitazama mashamba ya watu asiowajua. Tangawizi ya kijani kibichi, maji yakitiririka, sauti tamu zikieleza. Alijiona kama anatembea humo. Kila video iliyompendeza aliituma kwenye kundi la WhatsApp la wakulima, maana yeye ndiye waliyemchagua awafundishe. Siku hiyo alituma kumi na tisa.

Wiki iliyofuata, jirani yake Elinaza alimwita shambani. Majani ya tangawizi yalikuwa yamekauka kama karatasi.

"Niliimwagia maji ya chumvi ili isioze," alisema Elinaza. "Si wewe uliyetutumia ile video?"

Yudith aliinama akaokota jani moja. Video ile hakuwa ameitazama hadi mwisho.

Kesho yake alishuka Same mjini kwa bibi shamba, mtaalamu wa kilimo, mama Naisenya.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona mnyonge hivyo?"

Yudith alimweleza. Naisenya aliitazama video yote.

"Umeona? Hajitaji jina. Hasemi analima wapi, wala lini. Mwishoni anauza dawa."

"Basi niache kutuma?"

"Usiache. Chagua. Itazame yote kwanza. Jiulize: nani anasema? Ni ya lini? Udongo na mvua ya kwao ni kama ya kwetu? Ukiwa na shaka, nipigie. Halafu tuma chache, na useme kwa nini umezituma."

Gari la kurudi Suji lilipopanda kuingia mawinguni, Yudith alifuta video moja baada ya nyingine. Ilikuwa kama kuamka polepole. Zilibaki tatu: kuchagua mbegu isiyo na ugonjwa, kuchimba mifereji ya maji, na kung'oa mashina yanayooza. Alizipanga kwa kufuata kazi za msimu. Chini ya kila moja aliandika maelezo mafupi na swali moja la kujibu.

Lakini kabla ya kuzituma, alimpelekea Elinaza debe la mbegu nzuri.

"Nisamehe," alisema.

"Nimekusamehe. Njoo tupande."

Yalipofika mavuno, Elinaza alichimba tangawizi nene, safi, yenye harufu kali. Siku hiyo video mpya iliingia kwenye kundi. Yudith aliitazama mpaka mwisho, machozi yakimlengalenga.

"Mimi ni Elinaza, mkulima wa Suji," ilisema sauti. "Leo ni tarehe nne Machi. Mwaka jana nilikosea. Sikilizeni nilivyokosea."