Spika Zilikoroma Kwanza

"Mjukuu amekataa uji tena."

Sauti nzito ya besi. Maneno manne, na simu ikakatwa.

Tandu akaizima simu yake, akaifungia ndani ya gari lake la Probox kama ilivyo sheria ya idara ya upelelezi, akachomeka redio ndogo sikioni, akashuka na begi la vifaa. Bisibisi, kipimajoto, kadi mpya ya memori. Chini kabisa, Glock 19 iliyoviringishwa kwenye kitambaa cha kufutia vioo.

Mwenye sauti ile aliitwa Shangazi. Alikuwa mwanamume wa kilo mia na ushei, na hakuna aliyethubutu kumuuliza jina hilo alipewa na nani. Maana ya ujumbe wake ilikuwa moja: kompyuta ya msomaji picha imezimika tena.

Msomaji picha alifanyia kazi nyumbani. Kila kontena lililofika bandari kavu lilipitishwa kwenye mashine ya eksirei, na picha ikatumwa kwake. Akiona safi, anabonyeza PITISHA. Akiona shaka, anabonyeza ZUIA. Picha isiyosomwa ndani ya nusu saa hupita yenyewe, ili foleni isizibe. Sheria hiyo walitunga watu ambao kompyuta zao hazizimiki.

Makontena matatu yalikuwa yamepita hivyo. Yote yaliandikwa vyombo vya plastiki, na yote alikuja kuyapokea mwenyewe, tajiri wa Land Cruiser nyeupe. Wapagazi wawili walioshusha la tatu walilazwa, macho ya njano, ini limevimba.

La nne lilikuwa njiani. Likipita, msomaji angevaa pingu. Wakubwa wake walishasema: anazima kusudi.

Nyumba ilinuka tangu mlangoni. Si uchafu wa sakafu, sakafu iling'aa. Ilikuwa harufu ya kidonda, nzito, yenye utamu unaokwama kooni. Sebuleni, kwenye kochi, alikaa mama mkwe wa msomaji, mguu juu ya stuli, paja limefungwa bendeji. Kisukari kilikuwa kimemla macho, kikabakiza masikio.

"Karibu, fundi," akasema kabla Tandu hajafungua mdomo. "Viatu vyako vinalia kama vya askari."

"Ni vya mtumba, mama. Huenda mwenyewe alikuwa askari."

Kwenye mlango wa chumba cha nyuma alisimama shemeji wa msomaji, mdogo wa mumewe, fulana imepanda kitovuni, mfuko wa chipsi mkononi. Akajifuta vidole kwenye pazia.

"Huyu ndiye fundi? Shem, si ulisema wanaleta fundi? Mbona wameleta bibi harusi?"

"Kadi ya mwaliko unayo?" Tandu akamuuliza. "Kama huna, pisha mlango."

Mama mkwe akachekea puani.

Chumba cha kazi kilikuwa kidogo: meza, kiti, kompyuta, spika mbili, taa ya mezani. Msomaji mwenyewe alikuwa mwembamba, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Hakuwa na simu. Kazi yake haikuruhusu simu chumbani, asije mtu akaipiga picha ile picha. Ya kwake ilikaa kwenye kabati la vyombo jikoni.

"Inazimika vipi?" Tandu akauliza.

"Inakatika tu, kama mtu aliyezibwa pumzi. Leo inakaa saa nzima, kesho haimalizi dakika kumi."

Juu ya kompyuta kulikuwa na kitambaa cha kufuma, cheupe, cha maua.

"Alifuma mama, kabla macho hayajaenda," akasema msomaji. "Anataka kikae hapo, mashine isile vumbi."

Kitambaa kilikuwa kimeziba matundu yote ya hewa. Tandu akakiondoa, akafungua ubavu wa mashine.

Akageuza uso.

Ndani mlikuwa na mji. Vumbi lililokunywa mafuta lilikuwa limegandamana kwenye feni kama ngozi ya mnyama. Mende waliokufa, mende walio hai, magamba ya mende wengine. Kinyesi cha panya. Na mfupa wa kuku, mweupe, umetafunwa vizuri.

Tandu alikuwa amewahi kujificha siku mbili ndani ya tangi la samaki waliooza. Tangi lile lilikuwa na heshima.

"Nani anakulia hapa?"

Msomaji akatazama upande wa chumba cha nyuma. "Usiku huja kucheza magemu. Mume wangu yuko safarini. Nikisema, naambiwa nyumba ni ya kaka yake."

Tandu akachomoa waya za spika, akaziweka pembeni. Akavaa glavu, akasafisha. Mtu mwingine angeishia hapo: joto limeiua, basi. Yeye hakuwa mtu wa kumhukumu mwizi kwa kuwa ana sura mbaya. Akawasha mashine, akapima joto. Vuguvugu tu. Feni inaimba.

Ikazimika.

Akabadilisha kadi ya memori. Akawasha.

Ikazimika.

Akaichomoa diski yao yote, akaiwasha mashine kwa flashi yake mwenyewe, bila programu hata moja ya nyumba ile.

Ikazimika.

"Imekufa tena?" Shemeji alikuwa amechungulia, midomo inang'aa mafuta. "Pole, shem. Hiyo ni ya kutupa."

Tandu akakaa chini sakafuni, akafikiri. Si joto. Si memori. Si programu. Ugonjwa hauko mwilini, uko kwenye anachonyweshwa. Umeme. Lakini taa ya mezani, kwenye soketi ileile ya ukutani, haikupepesa hata mara moja.

Sebuleni, shemeji alikuwa akimchoma mama yake sindano ya kisukari. Alichana pakiti ya kijani yenye ua jeupe kwa vidole vilevile vya chipsi.

"Taratibu," mama akasema. "Hizi sindano zako butu, mwanangu. Inaingia kama msumari wa mlango."

"Vumilia, mama. Za bure hizo."

Tandu akatazama pembeni. Yule mtu alimchefua kuliko mende.

Shemeji aliporudi chumbani kwake, mama akaita. "Fundi. Mbona hamuulizi na sisi vipofu?"

"Nakuuliza, mama."

"Hiyo mashine yenu ikitaka kufa, hukoroma kwanza. Spika. Drr-drr-drr, kama nzi kwenye chupa. Kisha kimya."

Tandu akasimama polepole.

Mkoromo ule aliujua. Ni spika inayosikia simu iliyo karibu ikipokea wito. Simu yake iko garini, imezimwa. Ya msomaji iko jikoni. Redio ya sikioni mwake haikoromeshi spika, alishaijaribu zamani.

Basi chumbani mle mlikuwa na simu ya tatu.

Akapiga magoti. Chini ya meza, kati ya soketi na kompyuta, kulikuwa na boksi jeusi la kutunzia umeme.

"Hili alileta nani?"

"Shemeji," msomaji akanong'ona. "Zawadi. Umeme ulikuwa unachezacheza."

Skrubu nne. Ndani, pembeni ya betri, ubao wa Nokia ya tochi uliovuliwa nguo, laini imechomekwa, waya mbili zimeungwa kwenye swichi ndogo. Ukipiga namba ile, umeme unakatika. Ukitaka ionekane mbovu tu, unapiga hata siku isiyo na kontena. Ukitaka kumchosha fundi, unampigia kila anapowasha.

Na mpigaji alikuwa chumba cha nyuma, analamba vidole. Kikulacho, wahenga walisema, ki nguoni mwako. Hawakusema kwamba kinakula na chipsi zako.

Tandu akalifunga boksi kama lilivyokuwa. Akairudisha diski, akaichomeka kompyuta na spika moja kwa moja ukutani, akaiwasha. Kwenye boksi akachomeka taa ya mezani.

"Shangazi," akanong'ona redioni. "Mjukuu anapewa sumu na mlezi wake."

"Mpe mlezi pingu."

"Bado. Kontena liko wapi?"

"Linaingia kwenye eksirei sasa. Mwenye mali hayupo. Huja akishahakikishiwa, nami namtaka yeye akiwa ndani ya geti."

Picha ikafika. Saa ya nusu saa ikaanza kuhesabu kwenye kona ya kioo.

Drr-drr-drr.

Taa ya mezani ikazimika. Kompyuta ikabaki hai.

Tandu akazima kioo tu, kwa kidole kimoja. Mlango ukasukumwa.

"Imekufa tena?" Shemeji akatazama kioo cheusi na taa iliyolala, akatabasamu. "Fundi, nilisema mimi."

"Ulisema," Tandu akajibu. "Imenishinda."

Shemeji akarudi chumbani kwake akiandika ujumbe kwa dole gumba.

Tandu akawasha kioo. Msomaji akasogea, na uchovu wake wote ukamwondoka usoni. Hapa alikuwa kwake.

"Vyombo vya plastiki hupangwa, kimoja ndani ya kingine," akasema taratibu. "Hivi vimelundikwa. Ona. Vyuma vyembamba, kila kimoja na upande wake. Vingi vimepinda." Akaivuta picha karibu. "Ni sindano. Na kitu kipya hakipindi kikiwa ndani ya boksi lake."

Kidole chake kikaenda kwenye ZUIA. Tandu akaushika mkono wake.

"Subiri."

"Likipita nafungwa mimi."

"Najua. Subiri hivyohivyo."

Saa ikala dakika zake. Mende mmoja aliyeokoka akavuka meza, na hakuna aliyemjali.

"Shangazi?"

"Hajafika."

Dakika mbili zikabaki. Ikabaki moja.

"Land Cruiser iko getini," Shangazi akasema. "Anasalimiana na walinzi. Anaingia. Geti linafungwa nyuma yake. Sasa!"

"Bonyeza."

Msomaji akabonyeza.

ZUIA.

Chumba cha nyuma, simu ikaita. Mtu akatukana. Dirisha likafunguliwa kwa kishindo.

Tandu alifika, Glock mkononi, kabla mguu wa pili haujapanda. Shemeji akazungusha stuli. Ikampita Tandu juu ya kichwa, ikavunja kioo cha kabati. Tandu akamvuta kwa fulana, akamlaza kifudifudi juu ya mifuko yake mwenyewe ya chipsi, akamwekea mdomo wa Glock nyuma ya sikio.

"Nani wewe?" shemeji akauliza akihema.

"Bibi harusi."

Pingu zikalia. Akamburuta hadi sebuleni. Mikono yake iliteleza kwa mafuta ya mtu yule.

"Tumefungua," Shangazi akasema sikioni. Akakohoa. "Miaka yote ya kazi hii sijawahi kutapika. Ni sindano zilizokwisha tumika, Tandu. Za majalala ya hospitali. Zimesuuzwa, zimefungwa upya. Nyingine damu bado iko kwenye shina. Ndizo zilizowachoma wale wapagazi."

"Zimefungwa kwenye nini?"

"Pakiti za kijani. Zina ua jeupe."

Tandu akatazama kando ya kochi.

Akaiokota pakiti tupu, akaishusha mbele ya macho ya shemeji.

"Hizi ulipewa na nani?"

"Wao. Zawadi. Za mama."

"Walikuambia kontena lina nini?"

"Mabeseni."

"Uliuliza?"

Shemeji akageuza uso.

"Mmekipata kilichokuwa kinakoroma?" mama akauliza kutoka kwenye kochi.

"Tumekipata, mama."

"Na hizo sindano?"

Tandu akamwambia. Hakuongeza, hakupunguza. Mkono wa mama ukashuka hadi kwenye bendeji, ukatua hapo.

"Mama, naapa, sikujua," mwana akasema, akijikokota kwa magoti kumwendea.

"Nilikuambia ni butu," mama akasema. "Kila siku nilikuambia."

Akauvuta mguu wake mbali naye. Uliuma, ilionekana kwenye taya, lakini akauvuta.

Tandu akaenda jikoni, akanawa mikono. Akanawa tena, hadi viwikoni. Aliporudi, vijana wa idara walikuwa wamemchukua shemeji, na msomaji amempigia mama magoti, ameushika mguu uleule.

"Gari la hospitali liko mlangoni," Tandu akamwambia. "Nendeni na pakiti moja, daktari aione. Wakubwa wako wameshaambiwa ni nani aliyekuwa anazima."

Msomaji akafungua mdomo kushukuru. Tandu alikuwa ameshaokota kitambaa cha kufuma, amekikung'uta, amekikunja, amekiweka juu ya mapaja ya mama.

"Kazi nzuri, mama. Ila kisirudi juu ya kompyuta."

Viatu vyake vikalia hadi nje. Akaingia kwenye Probox, akashusha vioo vyote vinne, akaondoka.