Ramani ya Stoo

Haya yalimpata shoga yangu, mwalimu wa jiografia, na kichanga chake kikiwa mgongoni. Alitumwa kuandika maisha ya wenyeviti waliopita wa chama cha walimu wa jiografia, na mafaili yao yalikuwa kwenye stoo isiyo na dirisha, yenye ubao mkuukuu.

"Ingia tu, mama," mlinzi alimcheka. "Hao wenyeviti ni marehemu, hawang'ati!" Akaurudishia mlango.

Hajafungua hata faili la pili, umeme ukakatika. Giza totoro. Chupa ya mtoto ikamponyoka, ikabingirika. Akapapasa ukuta, akazunguka, akazunguka tena, mlango hakuugusa, mtoto analia, naye anaita, "Kaka! Kaka mlinzi, nifungulie!" Ndipo akasikia chaki ubaoni, kwaru, kwaru, polepole, kama mwalimu asiye na haraka. Mtoto akanyamaza ghafla.

Umeme uliporudi, ubaoni palikuwa na ramani ya stoo ileile, chaki bado inadondosha vumbi. Skeli ipo, mshale wa kaskazini upo, meza, makabati, hata chupa pale ilipokwenda kusimama. Kuta nne zimeungana pande zote, mstari haukukatika popote. Mlango haukuchorwa.

Akageuka kuutafuta ule wa kweli.