Marehemu Amepiga Simu

Basi lilikuwa limeshaanza kunguruma na begi la msusi limeshatupwa kwenye buti, karani wa nyaraka alipofika mbio, kiatu kimoja hakijafungwa.

"Shuka tuzungumze, mpenzi."

"Mpenzi wako kompyuta. Kazungumze nayo," msusi alimjibu dirishani.

Stendi hiyo hiyo, miaka miwili nyuma, karani alimkanyagia gauni la njano likachanika pindo. Akaahidi kesho ataleta jingine, na kweli kesho akaja nalo. Mwanamume wa kurudi ndiye aliyeuteka moyo wa msusi, maana baba yake alitoka kununua betri za redio yeye akiwa na miaka sita, hakurudi. Mama alimwekea mume wake sahani mpaka juzi.

Juzi karani aliikuta kadi ya kazi ya baba huyo, yenye picha yake, mtandaoni, kwenye nyaraka za kale. Kadi za walio hai hufungwa. Akabofya "amefariki", ikafunguka, kama makarani wafanyavyo kila siku. Alichosahau ni kwamba mtandao ule hutuma rambirambi kwa ukoo mzima uliojiandikisha. Mama akaisoma, akavua pete, akaketi mkekani, majirani wakajaa. Karani alikuja kukiri asubuhi hii.

"Umemuua baba yangu upate picha."

"Nilitaka uione sura yake."

"Nani alikutuma? Nikimwambia mama ukweli, anarudi kusubiri. Nikinyamaza, nimemzika mtu ambaye huenda yu hai. Chagua wewe, msomi. Mimi naenda kwa mama mdogo, nisiwaone wote wawili."

Simu ya msusi ikalia.

"Mwanangu, baba yako amepiga."

Msusi akashika kiti cha mbele.

"Anafoka," mama akaendelea. "Nani kamwandika marehemu? Kumbe miaka yote amejiandikisha humo, anatuchungulia. Namba yangu sijawahi kubadilisha kwa ajili yake, na leo ndiyo kaikumbuka. Kutuacha hakukumuuma, kinachomuuma ni kuitwa maiti."

"Ukamwambiaje?"

"Nimeshakulilia, nikamwambia. Machozi sirudishi. Baki huko huko ulikofia."

Msusi akacheka, kicheko kikali kama chafya, kisha akagonga ubavu wa basi dereva asiondoke.

"Nimeshuka kwa ajili ya mama," alimwambia karani. "Wewe bado nina hasira nawe. Bebea mtu begi. Na ufunge kiatu."

Alama ya "amefariki" ilifutwa, karani akapewa barua ya onyo. Baba alipiga mara mbili tena, hakupokelewa. Pete ya mama iliuzwa ikanunua redio ya umeme, isiyotaka betri. Msusi alikaa miezi minne bila kumwita karani mpenzi, kisha wakaoana. Kwenye fomu ya ndoa, palipoulizwa kama baba yu hai, msusi aliandika ndiyo, akakandamiza kalamu mpaka karatasi ikatoboka.