Wimbo wa Dakika Ishirini

Haya yalimpata rafiki yangu Wakhungu, mpangaji wa Kitengela, Jumamosi moja mchana. Bendi ya roki ya wazee wa Ulaya, aliyoipenda tangu shule ya upili, ilikuja kupiga katika ukumbi mmoja hapo mjini. Yeye na kakake Sydney walikuwa wameapa kwamba wangeiona pamoja. Lakini waligombania shamba la baba, na Sydney alipokufa mwezi wa tatu, Wakhungu hakwenda mazishini. Sasa akaenda kuiona bendi peke yake.

Katikati ya ule wimbo mrefu wa dakika ishirini, stima ikapotea. Mapazia yalikuwa mazito, giza likajaa ukumbi. Gitaa na kinanda vikanyamaza, ngoma tu ikaendelea. Kwenye kiti kitupu kando yake mtu akaanza kupiga makofi, akikosea mdundo palepale Sydney alipozoea kukosea.

"Wewe hukuja kunizika," sauti ikamwambia polepole. "Lakini mimi nimekuja."

Wakhungu akakigeukia kiti kile ili aombe msamaha. Makofi yakakoma.

Stima iliporudi, kiti kilikuwa kitupu. Ila watu wote wa mstari ule, mpaka mwisho, bado walikuwa wamekunja miguu kumpisha mtu apite.