Sukari Kwenye Pindo la Kanga

Kijijini Kinole chai haikosi mdalasini, lakini kwa Mwanvita chai ilikosa sukari. Tangu mumewe Kibwana aambiwe kliniki kuwa ana kisukari, Mwanvita aliifukuza sukari nyumbani kama mwizi. Kopo zima alimpa jirani. Hata machungwa ya mti wa mlangoni aliyalinda, mumewe asiyachume. Alimpenda mno mzee wake, jamani, na hakutaka kuachwa mjane. Kibwana alitania tu kwamba kumbe alioa askari.

Asubuhi moja walipanda mlima kwenda shambani kuchuna magome ya mdalasini. Kwao kazi hutangulia, chakula hufuata. Kibwana alimeza kidonge chake cha kushusha sukari kwa maji matupu. Mwanvita alifunga mihogo ya kuchemsha, ili wale wakishamaliza kazi. Njia ilikuwa kali, maana milima ya Uluguru haina huruma kwa magoti ya wazee.

Jua lilipopanda, mkono wa Kibwana wenye kisu ulianza kutetemeka. Jasho lilimtoka, ingawa kule juu kulikuwa na baridi. Akamwita mkewe kwa jina la dada yake. Mwanvita alipomsahihisha, akafoka. Kibwana hakuwa mtu wa kufoka. Kisha akaketi chini, akaokota chungwa lililoanguka chini ya mchungwa wa shambani, akaanza kulimenya kwa vidole.

Mwanvita akamnyang'anya.

"Sukari imekupanda, baba Halidi. Ukila hili nitakuzika."

Halidi ni mtoto wao wa kwanza, na ndivyo walivyoitana. Kibwana akanyoosha mkono kuomba. Moyo ulimuuma Mwanvita, lakini akalificha chungwa mgongoni, akapiga yowe.

Aliyesikia ni Winfrida, mhudumu wa afya wa kijiji, aliyekuwa akipalilia migomba shamba la chini. Alifika akihema. Alimwambia Kibwana ameze mate, akaona anaweza. Akauliza kama amekula. Mwanvita akasema bado, kameza dawa tu.

"Basi sukari haijapanda, mama. Imeshuka. Mpe hilo chungwa upesi."

Mwanvita akasita. Winfrida hakungoja. Alilichukua, akalikata, akamkamulia Kibwana kinywani polepole. Likafuata jingine. Baada ya muda kutetemeka kukapungua. Kibwana akatazama huku na huku, akauliza kisu chake kiko wapi. Mwanvita akaangua kilio.

Winfrida akampa Kibwana ile mihogo ale. Kisha akakumbuka adabu.

"Shikamoo, mzee. Nilikuwa sijakusalimia."

Wakacheka wote, machozi ya Mwanvita hayajakauka.

Walipotulia, Winfrida akawaeleza. Mwili huvunjavunja chakula. Ugali, ndizi, mihogo, sehemu kubwa huishia kuwa sukari ndani ya damu. Damu huipeleka kwenye misuli ipande mlima, na kwenye ubongo ufikiri. Huko mwili huichoma upate nguvu na joto. Nyingine huwekwa akiba kwenye ini. Kwa mwenye kisukari, sukari hujaa kwenye damu bila kutumika vizuri. Ndiyo maana hupewa dawa.

"Lakini leo dawa imeishusha, mlima umeichoma, na chakula hakijaingia. Ubongo umekosa kuni."

"Kwa hiyo nilikuwa namuua mwenyewe?" Mwanvita aliuliza.

"Ulimpenda kwa nusu ya maneno uliyoyasikia, mama. Nusu nyingine ndiyo hii."

Akaongeza kwamba Kibwana akitetemeka hivyo tena, apewe kitu chenye sukari mara moja, kisha ale. Akizimia, asitiwe chochote mdomoni, akimbizwe hospitali. Na dawa asiiache wala asiipunguze kwa kukisia. Waende kliniki wakaeleze.

Walikwenda pamoja, na safari hii Mwanvita aliuliza mpaka akaridhika. Daktari akawaonyesha namna ya kupanga dawa, chakula na kazi. Siku hizi Kibwana hapandi mlima na tumbo tupu. Hula ugali wa kiasi na mboga tele. Chai bado haina sukari, na akipimwa, sukari yake imetulia. Kutetemeka kule hakujarudi.

Lakini wakipanda mlima kwenda shambani, pindo la kanga ya Mwanvita huwa na fundo, na ndani yake mna sukari. Kibwana hupenda kuligusa akitania kwamba askari wake siku hizi anamficha mwizi.

"Nimemfunga kwa ajili yako," hujibu Mwanvita. "Nikikuona unaanza kunifokea tu, namfungua."

Kisha hulikaza fundo, wakaendelea kupanda.